SHINGO YA BAISIKELI

Baisikeli ina shingo, kama mtu. Shingo ya mtu hugeuza kichwa. Shingo ya baisikeli hugeuza gurudumu la mbele. Ikikazwa mno, usukani hautii mkono. Ikilegea, gurudumu hutikisika, na mtu mwenye mzigo wa mihogo aweza kuanguka katika mtelemko.

Tutazame baisikeli ya zamani. Uma hushika gurudumu la mbele. Juu ya uma kuna bomba, nalo hupita ndani ya shingo. Juu na chini ya shingo kuna vikombe vya chuma, na ndani yake mna gololi zenye mafuta mazito. Kikombe cha juu hufungwa kwa kuzungushwa, kama kifuniko cha chupa. Juu yake kuna nati ya kukizuia kisilegee.

Usukani nao una shina. Shina huingia ndani ya bomba la uma. Parafujo ndefu huvuta kabari iliyo chini, na kabari hubana shina. Basi shika neno hili: parafujo hushika usukani, nati hushika shingo. Shingo ikilegea, kukaza parafujo si dawa.

Kupima. Kaza breki ya mbele, au mwenzako ashike gurudumu. Weka kidole penye kikombe cha juu, kisha sukuma baisikeli mbele na nyuma. Ukisikia inagonga, shingo imelegea. Halafu inua gurudumu la mbele. Usukani ugeuke kwa urahisi huku na huku. Ukiwa mzito, shingo imekazwa mno. Ukinasa katikati tu, vikombe vimechimbika; lazima vibadilishwe.

Kutengeneza. Legeza nati. Zungusha kikombe cha juu kwa mkono mpaka kiguse gololi. Kishike kwa ufunguo mmoja, na kwa ufunguo wa pili kaza nati. Pima tena, maana nati ikikazwa yaweza kubana gololi.

Kutia usukani wa namna mpya. Shina la baisikeli nyingi za zamani lina unene wa milimita 22,2. Shina la siku hizi haliingii ndani ya bomba. Hulikumbatia kwa nje, na mara nyingi bomba hilo lina milimita 28,6. Kwa hiyo fundi hutia kiungio: chini ni milimita 22,2, juu ni 28,6. Lakini baisikeli nyingi za zamani za Ufaransa hutaka shina la milimita 22,0. Kipimo kisipolingana, usipige kwa nyundo. Tena, kiungio kina alama. Kiingize mpaka alama ifichwe. Alama ikionekana, chuma kilicho ndani ni kifupi, nacho chaweza kung'oka au kuvunjika njiani.

Mtoto mwenye akili hupima shingo ya baisikeli ya baba yake kabla ya safari ya soko. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

MASWALI
1. Parafujo hushika nini? Nati hushika nini?
2. Utajuaje kwamba shingo imelegea?
3. Kwa nini tunapima tena baada ya kukaza nati?
4. Alama ya kiungio ikionekana, kuna hatari gani?