Je, Mungu Hujuta?

Somo: 1 Samweli 15:10-35, Yona 3 na 4

Sisi tuliokimbia makwetu huulizana: je, Mungu amegeuza nia juu yetu? Samweli aeleza kwamba Mungu alijuta kumfanya Sauli mfalme (mst. 11, 35), lakini mstari wa 29 wakana kwamba hujuta kama mwanadamu. Maneno haya hayapingani. Mwanadamu hujuta kwa kuwa alikosea. Mungu alihuzunika kwa kuwa Sauli alimwacha. Watu wa Ninawi nao walipotubu, alighairi adhabu. Waliobadilika ni wao. Rehema yake ni ile ile, na Yona aliijua tangu mwanzo (4:2). Basi kuishi kambini si ushahidi kwamba ametukataa. Tuzidi kuomba.

Swali la nyumbani: Kwa nini Yona alikasirika?