Bakteria wenye sumaku na dawa za saratani

Wako bakteria waishio majini ambao hutengeneza miilini mwao chembe ndogo mno za sumaku, zinazowaongoza kama dira. Mwaka 2016 watafiti wa Montréal, Kanada, waliwabebesha bakteria hao vifuko vya dawa ya saratani, wakawaelekeza kwa sumaku hadi ndani ya uvimbe wa panya, mahali penye oksijeni haba ambapo dawa za kawaida hufika kwa shida.

Njia hiyo ingali katika utafiti. Sumaku zinazouzwa madukani haziponyi saratani. Usiache wala usiahirishe matibabu uliyopangiwa. Ukisikia habari za tiba mpya, muulize daktari wako; lugha ikikutatiza, omba mkalimani kabla ya kutia saini karatasi yoyote.