SOMO LETU: Ruta Imekufa, Tununue Ipi?

Ndugu mfanyakazi, ruta ya nyumbani ikizima, usikimbilie Mbarara na mshahara mkononi. Kwanza hakikisha. Je, bando limekwisha? Adapta ya umeme imeungua? Tia laini ile ile katika simu. Intaneti ikija vizuri, na adapta ikiwa nzima, ndipo ulaumu ruta.

Sasa tujifunze mambo manne:

1. Nyumba isiyofikiwa na waya wa intaneti, iwe Biharwe au Nakivale, hutegemea mnara wa simu. Inataka ruta yenye tundu la laini. Isiyo na tundu ni hasara.

2. Uliza kama ruta imefungwa kwa kampuni moja. Ya namna hiyo huweza kuwa rahisi, lakini bei ya bando ikipanda huna pa kuhamia. Aliyewahi kukopa katika duka moja tu anajua uchungu huo.

3. Soma volti zilizoandikwa nyuma. Nyingi hutumia volti 12, nyingine 5. Mwenye sola amwulize fundi kabla ya kuunganisha.

4. Usinunue wingi wa antena. Mawimbi ya gigahezi 2.4 hupenya kuta. Ya 5 yana kasi, lakini hayafiki mbali.

Iwashwe mbele yako, udai risiti na dhamana. Lakini mnara wa mjini si mnara wa kwako: jaribu tena nyumbani mapema. Kisha badilisha neno la siri.

Swali la kujadiliana: Jirani watatu wakinunua ruta moja, wagawane gharama vipi?