Usingizi wa Mgeni Atokaye Ng'ambo: Kijitabu cha Jamaa za Mununga na Ufuko wa Mweru

Hesabu ya saa ya Waswahili, ambayo huanza kuhesabu saa za mchana jua linapochomoza wala si usiku wa manane, imekaribia mno hesabu ya mwili wa binadamu. Na hapa Mununga, kando ya Ziwa Mweru nchini Zambia, ambapo mapambazuko hayatoki mbali na saa kumi na mbili mwaka mzima, saa ya ukutani na jua la mbinguni hazihitilafiani ila kidogo. Mwili nao una saa yake, iliyomo ubongoni nyuma ya macho, ambayo kila siku husahihishwa na nuru. Na wataalamu watatu wa Marekani, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2017 kwa kubainisha jinsi chembe za mwili zinavyoitunza hesabu hiyo. Enzi za jahazi na gari la moshi mwili uliwahi kumfuata msafiri, kwa kuwa mwendo ulikuwa wa taratibu. Amma ndege humtoa mtu Chicago ikamshusha Lusaka au Ndola hali saa yake ya ndani ingali Chicago.

Zamani haya hayakutuhusu. Lakini miongoni mwa ndugu zetu wa Kongo waliopata hifadhi Zambia kwa sababu ya vita, tangu wale wa 1998 hadi hawa wa 2017 ambao makazi ya wakimbizi ya Mantapala yalifunguliwa kwa ajili yao mwaka uliofuata, wamo waliohamishiwa Marekani, na mwenye kwenda hutamani siku moja kurudi kuwaona wazee.

Basi chukua mfano wa shangazi aliyefika juzi. Saa sita ya mchana, samaki angali anafuka mvuke sahanini, shangazi anasinzia na tonge mkononi, na wenyeji wanatazamana wakidhani amekidharau chakula. Kumbe kwake, katika miezi ya baridi ya Chicago, ni saa kumi ya alfajiri, wakati ambao usingizi ni mzito kuliko wakati wowote. Saa tisa ya usiku, nyumba nzima inakoroma, yeye yu macho kodo: amefungua mlango polepole, ameketi barazani juu ya kigoda, kitenge mabegani na miguu mitupu, akizihesabu taa za wavuvi wa chisense, wale samaki wadogo, zilizotandaa ziwani mithili ya mji wa pili. Kwake ni saa moja ya jioni, na nani alalaye saa moja ya jioni?

Kigoda kile ndicho kilichonifanya niandike kijitabu hiki. Ufuko wetu huu wa Mweru, hasa Nchelenge, ni katika sehemu za Zambia zilizoelemewa mno na malaria, na mbu aienezaye zaidi hapa, aitwaye Anopheles funestus, hupenda kuuma usiku ulipokwisha kuwa mkubwa hadi karibu na alfajiri, yaani saa zile zile ambazo usingizi humkimbia mgeni. Isitoshe, mtu aliyekaa miaka mingi ng'ambo huwa amepoteza ile kinga kidogo aliyoijenga utotoni kwa kuugua mara kwa mara, na watoto wake waliozaliwa huko hawakuwa nayo kabisa. Kwa hiyo yapasa kabla ya kusafiri amwone daktari ampe dawa ya kujikinga, na akifika atandikiwe chandarua kizima (kile ambacho, tusifichane, baadhi yetu tumekwisha kukipeleka ziwani kuvulia samaki), na asipopata usingizi akeshe humo humo ndani, azungumze na mwenzake au asikilize redio, asitoke nje.

Kuhusu tiba ya usingizi wenyewe, wengi husema mgeni atolewe juani tangu asubuhi ya kwanza. Kwa atokaye Marekani si shauri jema. Nuru humvuta mtu mbele iwapo tu imempata baada ya kile kilele cha usingizi wake, ambacho kwake kimeangukia adhuhuri yetu; ikimpata kabla yake humrudisha nyuma. Basi siku mbili za kwanza asubuhi akae kivulini, alasiri ndipo atembezwe ufukoni, kisha kila siku atoke mapema zaidi kwa saa moja hivi. Mwili hujongea takriban saa moja kwa siku, hivyo tofauti ya saa nane huchukua kama juma zima. Mfanyabiashara arudiye kutoka Guangzhou, aliyetangulia kwa saa sita, ana nafuu, kwani kuchelewa kulala ni kwepesi kuliko kuwahi. Yeye akalishwe nje hadi magharibi. Atokaye London hana tofauti ila ya saa moja au mbili, na anachokitaka ni kuoga na kulala.

Mchana mgeni aachwe ajinyooshe nusu saa, kisha aamshwe. Majirani wajao kumwamkia tangu asubuhi hadi usiku, kwa heshima zote, waombwe warudi siku ya nne. Mwenye dawa za kila siku, mathalan za ugonjwa wa sukari au za virusi vya Ukimwi, amwulize daktari mapema namna ya kuzihamisha saa zake. Na mguu mmoja ukivimba na kuuma baada ya kukaa sana ndegeni, au pumzi ikambana, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Neno moja lishikwe sana: uchovu wa ndege hauleti homa. Malaria aghalabu hujitokeza siku saba au zaidi baada ya kuumwa, hapo hapo usingizi unapoanza kutengemaa, ndipo watu husema, "Shangazi, ni safari tu, itakwisha." Mwili ukichemka, asingoje hata kesho, apelekwe kituo cha afya, au hospitali ya Saint Paul's kule Kashikishi, atobolewe kidole apimwe damu. Na akiisha kurudi Chicago, akashikwa na homa hata baada ya majuma mengi, la kwanza kumwambia daktari wa huko ni kwamba alikuwa Zambia, kando ya Ziwa Mweru, na kwamba alilala huko.