Habari ya Mtu wa Kwanza Kukanyaga Mwezi

Mvuvi wa dagaa wa Muleba aujua mwezi kuliko wengi wetu. Ukiwa mpevu, taa yake haivuti dagaa vema, naye hungoja giza lirudi. Mwezi huo ndio alioukanyaga Neil Armstrong wa Marekani, alfajiri ya Jumatatu, 21 Julai 1969, kwa saa zetu. Jina lake twalijua sana; mwenyewe twamjua kidogo.

Alizaliwa Ohio mwaka 1930, akawa rubani na mhandisi. Baada ya safari ile alizungushwa nchi nyingi pamoja na wenzake, Buzz Aldrin na Michael Collins, hata wakafika Kinshasa. Lakini mwaka 1971 aliiacha NASA, akafundisha uhandisi katika Chuo Kikuu cha Cincinnati hata 1979. Watu walimwandama wakitaka sahihi yake. Alipoona ya kuwa zauzwa, akakoma kuwapa, mwaka 1994. Tena mwaka 2005 ikajulikana ya kuwa kinyozi wake ameziuza nywele zake kwa dola 3,000. Sisi twajua wizi wa ndizi na wa mbuzi, bali biashara ya nywele zilizokwisha kunyolewa ni jambo geni! Naye alifariki 25 Agosti 2012, na majivu yake yakamwagwa baharini.

Wengine husema alijificha. Mimi naona sivyo. Ajali ya chombo Challenger ilipochunguzwa mwaka 1986, aliitwa, akaenda. Alilolikataa ni kupewa peke yake sifa ya kazi iliyofanywa na watu wapata 400,000. Hata picha nyingi za mtu asimamaye juu ya mwezi ni za Aldrin, kwa sababu kamera ilikuwa mikononi mwa Armstrong.

Na katika kazi hiyo ya kwenda mbinguni kwa vyombo, Unguja nayo ilikuwamo. Zamani zile, kisiwa kingali chini ya Waingereza, Wamarekani walijenga kituo huko Tunguu cha kusikiliza vyombo vya Mercury, vilivyotangulia safari za mwezini. Tarehe 20 Februari 1962 John Glenn aliizunguka dunia mara 3. Alipopita juu yetu, waliokuwa kituoni walisema naye, wakapokea habari za mwili wake, kama mganga asikilizavyo moyo wa mgonjwa, ila huyu alikuwa mbali sana juu. Watu wengi wa Unguja walikitilia shaka kituo kile, wakiogopa ya kuwa kitawaletea vita vya wengine. Wala hofu hiyo si ya kuchekwa, kwa maana mataifa makubwa yalikuwa yakishindana kwa maroketi. Baada ya Mapinduzi ya 12 Januari 1964 serikali mpya ilitaka kiondolewe, kikafungwa.

Basi, walimu wa Bukoba na Muleba, watoto wakiuliza ni nani aliyekwenda mwezini, watajieni Armstrong. Kisha ifungueni ramani ya Unguja, mkawaonyeshe Tunguu.