Mchezo wa Mtoto na Mpaka wa Israfu

Wako watu wasemao ya kuwa kumpa mtoto kitu cha kuchezea ni haramu. Na wako wengine, khasa wenye nafasi, wasemao ya kuwa mali ni ya mwenyewe, na amnunulie mwanawe atakacho hata kwa thamani ya nyumba. Kauli zote mbili zimekosa njia.

Ama ya kwanza, yavunjwa na hadithi aliyoipokea Abu Daud. Bibi Aisha, radhi za Allah ziwe juu yake, alikuwa na wanasesere, na kati yao farasi mwenye mbawa mbili za vitambaa. Mtume, sala na salamu zimshukie, aliporejea vitani alimwuliza khabari ya farasi mwenye mbawa. Naye akajibu kwa kumtaja Nabii Suleimani, kuwa farasi wake walikuwa na mbawa. Mtume akacheka hata magego yake yakaonekana. Basi mchezo ulikuwa na nafasi katika nyumba iliyo bora ya nyumba zote. Nao, na izingatiwe, ulikuwa mchezo wa vitambaa.

Farasi wa zama hizi ni motokaa. Digodigo, katika wilaya ya Ngorongoro, magharibi ya ziwa Natron, ni nchi ya Wasonjo, ambao wenyewe hujiita Batemi. Hulima kwa mifereji ya asili, na maji hugawanywa kwa zamu chini ya wazee waitwao wenamiji. Mtoto wa kijiji kama hicho, sawa na wa vijiji vingi vya Tanzania, hujiundia motokaa kwa waya na makopo, magurudumu akayakata katika kandambili zilizochakaa, akaisukuma kwa fimbo. Gharama yake ni ustadi wa vidole vyake.

Kwa matajiri wa Ulaya mambo ni mengine. Mwaka 1926 Ettore Bugatti, mwunda motokaa, alimwundia mwanawe Roland motokaa ya umeme, nusu ya kipimo cha ile ya mashindano. Baba kumwundia mwanawe katika karakana yake si neno la kulaumiwa. Lakini wateja wake waliitaka, ikawa bidhaa. Mwaka 2019 ilifufuliwa kwa bei ianziayo yuro 30,000. Na mwaka 2021 ikatangazwa ndogo ya Ferrari, Testa Rossa J, 299 tu, kila moja yuro 93,000 kabla ya kodi. Hizo ni zaidi ya shilingi milioni 200 za Tanzania, kwa chombo kisichoruhusiwa kwenda katika barabara ya watu!

Katika Sura ya Al-Israa, aya ya 26 na ya 27, wenye kufuja mali wameitwa ndugu wa mashetani, tena baada ya kuamrishwa kumpa jamaa, maskini na msafiri haki zao. Na Mujahid amefasiri ya kuwa mtu akitoa mali yake yote katika haki si mfujaji, na akitoa kibaba kimoja pasipo haki amefuja. Haja ya mtoto ni kucheza, nayo hutimizwa na waya. Hizo elfu tisini zilizozidi zatimiza haja ya baba kutazamwa.

Tena iko khasara isiyoonekana. Yuro 93,000 zikikaa mwaka kwa mwenyewe, zaka yake ni moja katika arobaini, yaani 2,325, na maskini wana haki nayo. Zikigeuzwa motokaa ya kuchezea nyumbani, zaka huanguka, kwani kitu cha matumizi hakina zaka; na mwenye kufanya hivyo kwa kuikimbia, wanazuoni wa Kishafii wamemchukia kitendo chake.

Na mwenye watoto wengi atampa yupi? Bashiri alimpa mwanawe Nuumani kipawa, akaenda kwa Mtume amshuhudishe. Mtume akamwuliza kama wanawe wote amewapa mfano wake. Akasema hapana. Akaamrishwa kumcha Mungu na kuwafanyia watoto uadilifu; Bashiri akarudi, akakitwaa alichokuwa amempa.