Namna ya Kupunga Upepo Msasani Alasiri ya Mapumziko

Nimekaa Msasani muda mrefu, na wageni wangu huniuliza sana waende wapi Jumapili mchana wapumzike bila kumaliza hela. Mimi huwauliza kwanza mwezi una siku ngapi. Kwetu pwani alasiri nzuri hupangwa kwa maji. Ukijua bahari itakuwa wapi saa kumi, sehemu kubwa ya mipango yako imekwisha.

Angalia mwezi

Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, yaani tarehe mosi na tarehe 15 hivi kwa kalenda ya Kiislamu, huwa ni bamvua. Maji hujaa sana na hupwa sana. Hapa Dar es Salaam, siku hizo bahari hujaa kama saa kumi au saa kumi na moja jioni, na kila siku inayofuata huchelewa kwa karibu dakika 50. Likipita juma moja, mwezi ukiwa nusu, tunaingia kwenye maji mafu: hayajai sana wala hayatoki mbali, na alasiri ndipo yanapokuwa yamepwa.

Kwa hiyo alasiri ya bamvua ni ya kukaa ukingoni na kutazama mawimbi. Alasiri ya nusu mwezi ni ya kutembea mchangani. Mimi hutazama kalenda ya ukutani tangu asubuhi, kisha naacha siku iende.

Lala kwanza

Saa saba na saa nane jua ni la utosi, na anayetoka wakati huo anajitafutia kichwa kuuma. Kula wali wako na samaki wa nazi, tandika mkeka barazani au chini ya mkungu, simu iache chumbani. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko bahari. Hewa ya juu ya ardhi hupanda, na ile ya baharini huja kushika nafasi yake. Ndiyo maana upepo huongezeka kadiri mchana unavyosogea. Ukiamka saa tisa, utaukuta unakungoja.

Kaa na wazee wa bao

Ukipata kijiwe cha bao, usipite. Ubao una mashimo 32 na kete 64, kila mchezaji ana kete zake 32. Mwanzoni kila mmoja huweka kete 10 ubaoni, sita kati ya hizo ndani ya shimo liitwalo nyumba, na 22 hubaki mkononi. Sehemu ya kwanza, namua, ni ya kuingiza kete hizo moja moja. Zikiisha huanza mtaji, na hapo ndipo utakapoona mzee aliyenyamaza muda wote akisafisha ubao wa mwenzake.

Mgeni wa kijiwe ana adabu zake. Toa shikamoo kwa wote, kaa pembeni, na usimnong'oneze mtu mchezo wake. Mpaka mtu afungwe, ndipo uulize: "Mzee, pale ulipotakata, ukacheza bila kula kete, uliona nini?" Wataalamu wa bao hupenda kuulizwa, na utafundishwa kwa moyo mmoja. Akipita muuza kahawa na birika lake, wanunulie wazee kahawa chungu na kashata. Mwalimu Nyerere, aliyekuwa na nyumba hapahapa Msasani, alikuwa mpenzi wa mchezo huu.

Watazame wachoraji

Siku ya mawingu mimi huelekea Morogoro Stores, Oysterbay, kwa wachoraji wa Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora mwaka 1968 kwa rangi ya kupakia baiskeli juu ya vipande vya hadibodi, na picha zake ziliuzwa hapohapo Morogoro Stores. Alifariki mwaka 1972, lakini wanafunzi wake waliendeleza mkono wake, na leo hata mtu asiyejua jina lake huitambua picha ya Tingatinga. Chagua mchoraji mmoja, omba ruhusa, kaa umtazame. Rangi ile hukauka polepole, kwa hiyo kazi huenda kwa hatua: usuli kwanza, kisha umbo la mnyama, madoa na mistari mwishoni. Ukitazama picha moja ikikua, utajifunza zaidi kuliko ukizunguka mabanda yote.

Badili upande wa rasi

Rasi ya Msasani ina pande mbili, na ninapenda kuzitumia zote. Coco Beach inatazama mashariki, bahari kuu. Kuanzia saa kumi jua huwa mgongoni, halikupigi machoni. Hapo nunua mhogo wa kukaanga au wa kuchoma, chumvi na chachandu juu, na dafu la kushushia. Usiogelee peke yako, hasa wakati wa bamvua, kwa sababu mawimbi ya upande ule yana nguvu na chini kuna miamba.

Saa kumi na moja na nusu panda bajaji uende upande wa magharibi, kwenye ghuba. Ukitaka viti na meza, kaa Slipway. Ukitaka kuona wavuvi, nenda ufukwe wa kijiji cha Msasani, kwenye ngalawa na nyavu. Salimia, na omba kabla ya kupiga picha, maana pale ni mahali pa kazi. Jua huzama ng'ambo ya ghuba, kati ya saa kumi na mbili na saa moja kasoro kulingana na majira.

Kisiwa cha Bongoyo, eneo tengefu la bahari tangu mwaka 1975, kiache kwa siku nyingine. Boti kutoka Slipway huchukua kama nusu saa, lakini kinastahili kuendewa asubuhi.

Chagua mawili tu

Orodha hii si ya kumaliza kwa siku moja. Bao na Coco yanatosha, au wachoraji na ghuba. Anayekimbilia yote atarudi nyumbani amechoka kama aliyetoka kazini. Kama ndiyo mara yako ya kwanza na una watoto, chagua alasiri ya nusu mwezi: maji yamepwa na mchanga ni mpana. Wavalishe viatu kwa ajili ya miamba, beba maji ya kunywa na mfuko wa kurudishia taka zenu. Na bibi au babu wa nyumbani msimwache. Kiti kimoja cha kukunja kinamtosha kukaa nanyi mpaka magharibi.